Panya mwenye manyoya anauguaje mbalanga? Jibu kwa mwalimu wa Kongwa

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja wilayani Kongwa. Binti yangu ana miaka 14 na ana mbalanga: mabaka meupe kuzunguka macho, viwikoni na kwenye ncha za vidole. Daktari wa ngozi mjini Dodoma alitueleza kwamba ipo dawa mpya ya kupaka, na kwamba safari ya kuifikia ilipitia kwa panya waliobadilishwa jeni. Nilipolisimulia darasani, kidato cha nne wakanibana: panya ana manyoya mwili mzima, sasa anauguaje ugonjwa wa rangi ya ngozi? Panya hao wanatengenezwaje? Majibu yao yanaaminika kwa mtu? Na je, utafiti wa aina hiyo unaweza kufanyika hapa kwetu Dodoma?

Jibu: Mwalimu, pole kwa kuuguza, na wape hongera wanafunzi wako maana wamegusa penyewe. Panya wa kawaida hawezi kuugua mbalanga inayofanana na ya binti yako, na sababu ni hiyohiyo waliyoitaja. Mchukue panya mweusi wa maabara, wa ukoo uitwao C57BL/6, mnyoe mgongo akiwa na wiki nane, kisha tazama ngozi iliyo chini. Ni ya waridi. Weusi wote uko kwenye manyoya. Melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi, kwa panya zimejificha ndani ya vishimo vya vinyweleo. Kwenye ngozi iliyo kati ya kishimo na kishimo hazipo, isipokuwa sehemu zenye manyoya haba kama masikio, nyayo na mkia. Kwa binadamu zimetawanyika kwenye safu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na hizo ndizo zinazouawa na mbalanga. Ukimchochea panya wa kawaida kinga yake ishambulie seli za rangi, kinachopauka ni manyoya. Unapata panya mwenye mvi, hupati panya mwenye mbalanga.

Kwa hiyo kabla ya kumpa ugonjwa, ilibidi kwanza apewe ngozi yenye rangi. Melanosaiti haziishi kwa nguvu zake zenyewe. Hutegemea ishara kutoka kwa majirani zake, keratinosaiti, ambazo ndizo matofali ya ngozi. Ishara hiyo ni protini inayotokana na jeni iitwayo Kitl. Ngozi ya mtu huendelea kuitoa maisha yote, lakini ngozi ya mgongo wa panya huacha kuitoa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na seli za rangi zilizokuwa hapo hutoweka. Watafiti wa Japani waliichukua Kitl wakaiunganisha na promota ya keratini 14. Promota ni swichi ya jeni: huamua jeni iwake wapi na lini. Hii ya keratini 14 huwaka kwenye safu ya chini ya tabaka la juu la ngozi, basi Kitl ikawaka hapohapo bila kuzimika. Matokeo yao ya mwaka 1998 yalionyesha panya ambao seli za rangi zimebaki kwenye ngozi yenyewe, kama kwetu sisi. Ukimnyoa panya huyo, chini ya manyoya unakuta ngozi nyeusi.

Swichi hiyo ya keratini 14 ina historia ambayo darasa lako litaipenda. Mwaka 1991 kundi la Elaine Fuchs, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, liliitumia kuwasha kwa panya keratini 14 yenye kasoro. Panya wakazaliwa na ngozi inayotoka malengelenge kwa kusuguliwa kidogo tu. Vipande vya ngozi hiyo chini ya darubini vikafanana na ugonjwa wa kurithi wa watoto, epidermolisisi bulosa simpleksi, ambao chanzo chake kilikuwa hakijajulikana. Mwaka huohuo wagonjwa wakapimwa jeni, kasoro ikakutwa palepale. Panya alitangulia, daktari akafuata.

Sasa namna wanavyotengenezwa. Panya jike hudungwa homoni inayotokana na damu ya farasi mwenye mimba, yuniti 5, ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja. Baada ya saa 46 hadi 48 hudungwa homoni ya ujauzito ya binadamu, yuniti 5, ili mayai hayo yaachiliwe, na usiku huo huwekwa na dume. Asubuhi anaangaliwa ukeni: akiwa na kizibo kigumu cha shahawa, wamepandana. Mayai yaliyorutubishwa hutolewa kwenye mirija ya uzazi, huoshwa kwa kimeng'enya kinachoyeyusha ute unaoshikilia seli zinazoyazunguka, na kuwekwa chini ya darubini. Kwa saa chache, ndani ya yai kunaonekana viini viwili vya mviringo, cha baba na cha mama, kabla havijaungana. Cha baba huwa kikubwa zaidi, nacho ndicho kinacholengwa.

Kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, mtaalamu huingiza pikolita 1 hadi 2 za DNA yenye nanogramu 1 hadi 2 kwa kila mikrolita. Kiini huvimba kidogo. Kisipovimba, sindano haikutoboa utando. Kikivimba sana, yai linakufa. DNA yenyewe lazima iwe imekatwa na kutenganishwa na mabaki ya bakteria ilimozalishwa, kwa sababu mabaki hayo huifanya jeni izimwe na seli. Mayai yaliyopona hupandikizwa kwa jike mlezi aliyepandwa usiku uliotangulia na dume aliyefungwa mirija ya mbegu. Mwili wake umeamini kuwa una mimba, ila hana viinitete vyake mwenyewe. Siku 19 au 20 baadaye anazaa. Katika watoto 100, kwa kawaida 10 hadi 30 ndio hubeba jeni iliyoingizwa.

Hapa pana mtego wa kwanza. DNA iliyodungwa hivyo hujipachika popote, mara nyingi nakala kadhaa zikiwa zimefuatana kama mabehewa. Ikiangukia katikati ya jeni nyingine, inaiharibu. Ikiangukia mahali palipofungwa, haiwaki. Kwa hiyo kila panya mwanzilishi, yaani yule wa kwanza kuzaliwa na jeni hiyo, ni kesi yake, hata kama wote wametoka kwenye sindano moja. Utafiti unaotegemea mwanzilishi mmoja tu usiuamini haraka. Linganisha koo mbili au tatu zilizotokana na waanzilishi tofauti. Dalili ikijirudia kwa wote, basi ni ya jeni. Tangu mwaka 2013 mkasi wa kukata DNA uitwao CRISPR umerahisisha mambo, maana unakata mahali unapopachagua, lakini nao una lake: yai likishagawanyika kabla mkasi haujamaliza kazi, mtoto huzaliwa akiwa mchanganyiko, baadhi ya seli zimebadilika na nyingine bado. Panya wa namna hiyo hutumika kuzalisha tu. Kipimo kinaanzia kwa watoto na wajukuu zake.

Kumtambua mwenye jeni ni kazi ya siku moja. Kipande cha sikio cha milimita 2 huchemshwa kwenye sodiamu haidroksaidi kwa nyuzi 95, nusu saa, kisha alkali yake husawazishwa na majimaji huingia kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha jeni hadi kionekane kama mstari. Kosa linaloharibu maabara nyingi ni kusoma "hakuna mstari" kama "hakuna jeni", kumbe ni kipimo chenyewe kimeshindwa. Dawa yake ni kuweka pia praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, za jeni nyingine ambayo kila panya anayo: mstari huo ukikosekana, rudia. Mkasi wa kukatia sikio ufutwe kati ya panya na panya, la sivyo damu ya mmoja itampa jina mwenzake.

Turudi kwenye mbalanga. Panya mwenye ngozi nyeusi bado ni mzima. Ugonjwa wenyewe unatoka kwa panya wa pili, ambaye naye amebadilishwa jeni kwa namna tofauti: karibu seli T zake zote za aina ya CD8, askari wa kinga wanaoua seli nyingine, zimepangwa zitambue protini moja tu, PMEL, inayopatikana ndani ya melanosaiti. Kundi la John Harris wa Chuo Kikuu cha Massachusetts lilieleza mbinu hii mwaka 2012. Panya mweusi hupigwa mionzi ya gray 5, kiasi kisichomuua, ili seli zake za kinga zipungue na wageni wapate nafasi. Siku inayofuata hupewa kwenye mshipa seli T milioni 1 kutoka kwenye wengu la yule wa pili, pamoja na virusi vya vaksinia vilivyobebeshwa PMEL, navyo kiasi cha milioni 1, tumboni. Virusi hivyo ndivyo vinavyoziamsha seli T.

Vaksinia ni jamii ya virusi vilivyotumika kuchanja ndui. Mtu mwenye ukurutu asivishike kabisa, maana kwake vinaweza kusambaa ngozi nzima na kumweka hatarini. Inasikitisha kwamba jambo hili huandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa taratibu za maabara, wakati ndilo la kumuuliza mtu kabla hajavaa glovu.

Wiki ya nne hadi ya tano madoa huanza. Kati ya wiki ya tano na ya saba mtu asiyejua nani kapewa nini huwapa alama sehemu nne: masikio, pua, nyayo na mkia. Kila sehemu hupata 0 hadi 5, ambapo 0 ni rangi kamili na 5 ni weupe mtupu, hivyo jumla ya juu ni 20. Mkia ndio unaoonyesha vizuri zaidi: mweusi wote siku ya kwanza, wiki ya saba umekuwa na mabaka meupe yenye kingo kali, kama mabaka ya binti yako.

Kwa kuwa na mnyama anayeugua hivyo, maswali yaliyokuwa hayajibiki kwa mgonjwa yakajibika. Ukiizuia interferoni gama, protini ambayo seli T huitoa, madoa hayatokei. Interferoni hiyo huifanya ngozi itoe ishara nyingine iitwayo CXCL10, ambayo huita seli T nyingi zaidi. Mwaka 2014 ilionekana kwamba kuizuia CXCL10 hakuzuii ugonjwa tu, bali rangi hurudi hata kwa panya aliyekwisha kupauka. Na kwa wagonjwa, ishara hiyohiyo ilikutwa juu kwenye damu na ngozi. Interferoni gama hupitisha ujumbe wake ndani ya seli kwa vimeng'enya viwili, JAK1 na JAK2. Dawa za kuvizuia zilikuwa tayari zipo kwa magonjwa mengine. Julai 2022 Marekani iliidhinisha mojawapo, krimu ya ruksolitinibu ya asilimia 1.5, kwa mbalanga, kwa watu wa miaka 12 na kuendelea. Katika majaribio yake makubwa mawili, baada ya wiki 24 takribani watu 30 katika kila 100 walipata nafuu ya robo tatu au zaidi usoni. Kwa waliopaka krimu isiyo na dawa walikuwa kati ya 7 na 11.

Je, majibu ya panya yanaaminika? Yanaaminika kwa swali moja kwa wakati, lile ambalo panya huyo alitengenezwa kulijibu. Panya wa mbalanga anakwambia seli T zikishaamka zinafikaje kwenye ngozi na zinaua vipi. Hakwambii ni nini kilichoziamsha kwa binti yako, kwa sababu kwa panya tuliziamsha sisi kwa virusi. Mtu akikuletea habari kwamba "chanzo cha mbalanga kimegunduliwa kwa panya", muulize kwanza panya huyo aliupataje ugonjwa.

Tofauti za ngozi zenyewe ziwekee kichwa chake ubaoni. Tabaka la juu la ngozi ya panya lina safu mbili au tatu za seli hai. Letu lina safu nyingi zaidi. Dawa ya kupaka hupenya ngozi ya panya kirahisi, na krimu iliyomponya yeye inaweza isifike mahali pake kwa mtu. Panya ana seli za kinga ndani ya tabaka la juu, za aina ya gama-delta zenye matawi, ambazo sisi hatuna. Chini ya ngozi ana msuli mwembamba unaovuta kidonda kijifunge kama mfuko wa kamba, wakati kidonda cha mtu kinajazwa nyama na kufunikwa polepole. Ndiyo maana wanaochunguza vidonda hushona pete ya silikoni kuzunguka jeraha la milimita 6 ili ngozi isivutike. Na dozi haihamishwi kwa uzito peke yake: miligramu kwa kilo za panya hugawanywa kwa takribani 12.3 kupata makadirio ya mtu.

Kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote ni kusahau mzunguko wa manyoya. Kwa panya wadogo vishimo vya mgongoni hulala na kuamka kwa pamoja. Kati ya wiki ya saba na ya kumi na mbili hivi vimelala, ngozi ni nyembamba na ya waridi. Vikiamka, ngozi ya panya mweusi hugeuka ya kijivu hadi ya bluu-nyeusi, inanenepa sana, na kinga yake hubadilika. Mtafiti asiyetazama rangi hiyo atapima unene wa ngozi kwa panya ambaye vishimo vyake vimeamka na kumlinganisha na ambaye vyake vimelala, halafu aseme dawa imefanya kazi. Kunyoa kwa mashine butu kunatosha kuviamsha. Nyoa, subiri siku mbili, tazama mgongo kwenye mwanga mzuri, na yeyote mwenye kiraka cha kijivu mtoe kwenye jaribio siku hiyohiyo, kabla hujajua kundi lake.

Kosa lingine ni la kulinganisha kisichofaa. Soriasisi, ugonjwa wa mabaka mekundu yenye magamba, mara nyingi huigizwa kwa panya kwa kumpaka krimu ya imikwimodi ya asilimia 5, miligramu 62.5 kila siku kwa siku tano au sita, mgongoni na sikioni. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 2009, na panya waliozimwa jeni za njia ya interlukini 23 na 17, protini za kinga zinazochochea uvimbe, hawaugui sana, jambo linaloafikiana na dawa tunazotumia kwa watu. Lakini krimu ya dukani ina pia asidi ya isosteariki, nayo peke yake huchochea uvimbe. Ukimpaka panya wa kulinganisha mafuta ya mgando ya kawaida, hujui tena kilichowasha ngozi ni dawa au ni mafuta yake. Tena panya hulamba, anayelamba hukonda. Wapimwe uzito kila asubuhi, na aliyepoteza sehemu ya tano ya uzito wake aondolewe bila kulihurumia jedwali.

Halafu kuna jeni zinazosafiri pamoja. Kwa miaka mingi panya wenye mkia wa magamba walitumika kama mfano wa ukurutu, kwa sababu jeni yao ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, ina kasoro, na mwaka 2006 kasoro za filagrini zilikuwa zimegunduliwa kwa watu wenye ukurutu. Kumbe panya hao walibeba kasoro mbili. Ya pili, iliyotambuliwa mwaka 2013 kuwa iko kwenye jeni ya Tmem79, ndiyo iliyokuwa ikiwasha sehemu kubwa ya ugonjwa. Kumtenganisha panya na jeni za pembeni kunahitaji kumrudisha kwenye ukoo safi vizazi kumi hivi. Kizazi kimoja ni kama wiki kumi na mbili, yaani zaidi ya miaka miwili kabla ya jaribio kuanza.

Hesabu nyingine ya kuwapa kidato cha nne: unataka panya 16 walio na nakala mbili za jeni fulani zilizotegwa ili zizimwe, kila mzazi akiwa na nakala moja, na wakati huohuo wamebeba jeni ya ziada iitwayo Cre, mkasi unaozizima nakala hizo, ambayo mzazi mmoja anayo nakala moja. Ya kwanza ni robo, ya pili ni nusu; zidisha, ni mmoja katika wanane. Unahitaji watoto 128. Kwa uzao wa watoto saba, ni mizao 19 hivi. Cre huwekewa promota ya keratini 14 ili jeni izimwe kwenye ngozi tu, ila itoke kwa baba. Ikitoka kwa mama, promota hiyo huwaka pia ndani ya yai, na jeni inazimwa mwili mzima badala ya ngozini. Mkikosea hapo, mtasema ni ugonjwa wa ngozi kumbe panya hana jeni hiyo hata kwenye ini. Zipo Cre zinazongoja kuamshwa kwa tamoksifeni, miligramu 1 kwa siku kwa siku tano, iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti. Najua mkoa wenu na jirani zenu wa Singida wamebarikiwa alizeti, lakini mafuta yaliyokamuliwa kienyeji hayafai kazi hii: yana mashapo na hayajachujwa vijidudu. Yatumike yaliyosafishwa kwa ajili ya maabara, chupa iwekwe gizani.

Nguruwe, ambaye ngozi yake inafanana na yetu kuliko ya panya, naye hubadilishwa jeni, ila ni ghali na hukua polepole. Samaki aina ya zebra hutumika kwa saratani ya seli za rangi. Siendi mbali huko.

Lakini siwezi kuacha ualbino, kwa sababu Tanzania ni mahali ambapo jambo hili lina uzito. Watu hudhani panya mweupe wa maabara ndiye mfano wa ualbino wetu. Sivyo. Yule mweupe mwenye macho mekundu ana kasoro kwenye jeni ya tirosinasi, kimeng'enya kinachotengeneza rangi. Watu wengi wenye ualbino Tanzania wana kasoro kwenye jeni nyingine, OCA2, hasa upungufu wa kipande cha DNA chenye herufi 2,700 hivi. Panya wa OCA2 yupo, ni wa asili, mwenye manyoya yaliyofifia na macho ya waridi. Na panya yeyote kati ya hao wawili hapati saratani ya ngozi kama wanavyoipata watu wenye ualbino, maana ana manyoya na hutoka usiku. Dawa iliyorudisha rangi kwa panya wa tirosinasi isitangazwe kwa wazazi wa Chamwino kana kwamba ni yao. Kinachookoa maisha leo ni kofia pana, mikono mirefu, kuchunguzwa ngozi mara kwa mara, na losheni ya kukinga jua kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Kuhusu Dodoma. Kisheria, mnyama aliyebadilishwa jeni yuko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za usalama wa bioteknolojia za 2009, ambazo husimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye makao hapahapa. Wakazi wa Dodoma wanayakumbuka mahindi yaliyobadilishwa jeni ya Makutupora, yaliyopandwa kwa majaribio mwaka 2016 na baadaye majaribio hayo yakasitishwa. Panya wa maabara hawapandwi shambani, lakini sheria ya msingi ni ileile. Juu yake ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Na kwa faida ya darasa: panya buku wa Morogoro wanaofunzwa kunusa mabomu na kifua kikuu hawajabadilishwa jeni. Wamefundishwa tu.

Kiufundi, kikwazo kikubwa ni hewa. Chumba cha panya kinataka nyuzi 20 hadi 26, unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na mwanga saa 12 kwa 12. Kiangazi cha Dodoma, upepo mkavu ukivuma kuanzia Juni, unyevu ndani ya jengo lisilodhibitiwa hushuka chini ya hapo. Wanyama wachanga hutokwa na pete zilizojikaza mkiani hadi ncha ikakatika, na mkia ndio tuliosema unapewa alama za mbalanga. Ngozi ikikauka, mfano wa ukurutu nao huharibika: panya wa kulinganisha wanawashwa pia. Umeme ukikatika usiku, feni za vizimba zikisimama, unaamka na vizazi viwili vimekufa. Mashine ya unyevu na jenereta inayojiwasha yenyewe vitangulie kununuliwa kabla ya panya yeyote. Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia hapa si panya kabisa. Ni sampuli za wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao na kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu: lengelenge dogo linalotengenezwa kwa kufyonza ngozi hutoa majimaji na seli za kutosha kupima CXCL10, na ngozi ya Watanzania imechunguzwa kidogo mno ukilinganisha na ya panya wa Massachusetts.

Sasa binti yako. Rangi inaporudi, kwa mtu kama kwa panya, hutoka kwenye vishimo vya vinyweleo, ambako seli za akiba hujificha. Kuzunguka macho kuna vinyweleo vidogo, hivyo pana matumaini mazuri. Ncha za vidole hazina vinyweleo, na huko dawa yoyote hufanya kazi kwa shida. Mjue hilo mapema msije mkaacha matibabu kwa kukata tamaa na vidole huku uso unapona. Muulize daktari kuhusu mafuta ya takrolimusi ya asilimia 0.1 na tiba ya mwanga wa UVB wa wigo mwembamba. Hivi vina uzoefu mrefu na bei nafuu kuliko krimu mpya. Ruksolitinibu, mkiipata kwa daktari, hupakwa mara mbili kwa siku, isizidi sehemu ya kumi ya mwili, na isihukumiwe kabla ya wiki 24. Msinunue ya mtandaoni isiyojulikana ilikotoka. Vidonge vya jamii hiyo ni jambo jingine: hupunguza kinga, na kifua kikuu kipimwe kwanza. Rangi ikisharudi msiache kila kitu siku moja. Panya wameonyesha kwamba baadhi ya seli T hubaki zimelala palepale kwenye baka, na katika jaribio moja kwa watu, takribani mabaka 40 kati ya 100 yaliyoachwa bila dawa yalipauka tena ndani ya wiki 24. Takrolimusi mara mbili kwa wiki ilipunguza hilo hadi kama 10.

Mkataze kuegemea viwiko kwenye dawati, maana msuguano huita mabaka mapya. Mpige picha kila baada ya wiki nne, dirisha lilelile, saa ileile, na rula kando ya baka. Kwenye kiwiko sogeza macho karibu utafute vidoti vya kahawia, kila kimoja kikiwa na kinyweleo katikati, vidogo kama punje za ulezi. Vikionekana, hata vitatu, tiba imeshika. Endeleeni nayo na mpelekee daktari picha hiyo.